Kasisi Aliandika Alichoambiwa

Isaac Newton alizaliwa siku ya Krismasi, Desemba 25, 1642. Akabatizwa Januari 1, 1642. Mtu wa leo akizisoma tarehe hizo kwa haraka atadhani karani wa kanisa la Colsterworth, kule Lincolnshire, alikuwa amelewa. Mtoto anabatizwaje karibu mwaka mzima kabla hajazaliwa? Karani alikuwa mzima kabisa. Waingereza wa enzi hizo hawakuugeuza mwaka mwezi Januari. Waliugeuza Machi 25, sikukuu ya malaika kumpasha habari Maria. Krismasi ya 1642 ikipita, wiki moja baadaye inaingia Januari ya 1642, kisha Februari ya 1642, na 1643 haionekani mpaka Machi inakaribia kwisha.

Mambo yalikaa hivyo hadi Bunge lilipobadili kalenda. Mwaka 1751 ulikatwa ukaishia Desemba, na Septemba 1752 siku 11 zikaondolewa, watu wakalala Jumatano tarehe 2 na kuamka Alhamisi tarehe 14. Kwa hiyo anayefuata ukoo wake kwenye madaftari ya kale ya parokia za Uingereza, akikuta mtoto amebatizwa Novemba 1710 na mwenye jina hilohilo amezikwa Februari 1710, asikimbilie kusema ni watoto wawili. Huenda ni mmoja, aliyeishi miezi mitatu.

Nimeanza na kalenda kwa sababu ndiyo inayowaumbua wageni kwanza, na wageni siku hizi ni wengi. Zamani kazi hii ilikuwa ya wastaafu waliokuwa na muda wa kupanda treni kutoka mji hadi mji, kugonga mlango wa kasisi na kumwomba awafungulie kabati. Leo mtu aliyeko Toronto, Sydney au Nairobi, ambaye mama wa bibi yake alitoka Devon, anaandika jina kwenye kompyuta na kuletewa wenye jina hilo mia moja kwa mkupuo. Jina si tatizo tena. Tatizo ni kujua kama huyo aliyeletwa ni wako.

Sanduku lenye kufuli mbili

Madaftari haya yana baba, na baba yao hakufa kitandani. Thomas Cromwell, waziri mkuu wa mambo ya Mfalme Henry VIII, aliagiza Septemba 1538 kila parokia iwe na kitabu cha kuandika ubatizo, ndoa na mazishi. Kitabu kitunzwe kwenye sanduku lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa kasisi, mwingine kwa wazee wa kanisa. Kila Jumapili kasisi aandike mambo ya wiki mbele ya wazee hao, na asipoandika atozwe shilingi 3 na peni 4. Haikufika miaka miwili Cromwell mwenyewe akakatwa kichwa, lakini agizo lake likabaki.

Wananchi hawakulipokea kwa furaha. Miaka miwili kabla, kaskazini mwa nchi kulikuwa na uasi mkubwa, na miongoni mwa uvumi uliouchochea ni kwamba mfalme anataka kutoza kodi kila mtoto anapobatizwa na kila maiti anapozikwa. Sasa hiki hapa kitabu cha kuwahesabu! Wasiwasi wao haukuwa wa kijinga hata kidogo. Kodi ya namna hiyo ilikuja kweli mwaka 1695, na ikaja tena 1783, peni 3 kwa kila jina linaloandikwa.

Madaftari ya mwanzo yalikuwa ya karatasi, mengi karatasi zilizoshonwa tu, na unyevu na panya vikafanya kazi yao. Mwishoni mwa utawala wa Malkia Elizabeth I, mwaka 1598, ikaamriwa kila parokia inunue kitabu cha ngozi na kunakili humo yote ya zamani, hasa tangu malkia alipoanza kutawala mwaka 1558. Neno hilo “hasa” likawapa makarani wavivu upenyo. Wengi walinakili kuanzia 1558 na kuiacha miaka 20 ya kwanza ipotelee kwenye vumbi. Ndiyo sababu madaftari mengi yanaanza 1558 wakati agizo ni la 1538. Amri hiyohiyo ilitaka kila mwaka nakala ipelekwe kwa askofu, na hizo nakala za askofu zimewaokoa watafutaji wengi ambao daftari lao la asili liliungua au liliibwa. Pale vyote viwili vilipobaki, inafaa kuviweka pamoja. Si mara moja wala mbili vinapishana.

Hakuna mahali popote kwenye amri hizi panaposema kitabu ni cha kuwakumbuka wazee au kuhifadhi ukoo. Serikali ilitaka ushahidi wa umri, wa ndoa halali na wa urithi. Nani anasema kweli kortini, nani ni mrithi, nani anadaiwa. Sisi tunaokuja na machozi yetu kumtafuta babu tunatumia kifaa kilichotengenezwa kwa kazi nyingine, na kila ugumu tunaokutana nao unatoka hapo.

Familia ya Stratford

Hebu tuchukue familia moja ambayo wasomi wameichokonoa kuliko nyingine yoyote. Daftari la kanisa la Holy Trinity, Stratford-upon-Avon, linaonyesha kwamba Aprili 26, 1564 alibatizwa Gulielmus, mwana wa John Shakspere. Gulielmus ni William kwa Kilatini, lugha waliyoipenda makarani, ingawa huyu alikosea sarufi kwenye jina la baba. Na mstari huo haukuandikwa 1564. Daftari tulilonalo ni ile nakala ya ngozi, iliyoandikwa takriban mwaka 1600 kwa mwandiko mmoja, ukurasa baada ya ukurasa ukitiwa sahihi na kasisi wa wakati huo kuthibitisha. Siku aliyozaliwa haimo kabisa. Aprili 23 inayosherehekewa kila mwaka ni makisio mazuri, yenye faida ya kuangukia sikukuu ya Mtakatifu George.

Miezi miwili na nusu baadaye, Julai 11, kwenye orodha ya mazishi, pembeni mwa jina la kijana aliyekuwa akijifunza kazi kwa fundi, karani ameweka maneno matatu ya Kilatini kusema kwamba hapa tauni imeanza. Baada ya hapo majina yanaporomoka. Mtoto mchanga William alinusurika.

Tufike kwenye ndoa. Hapo ndipo mtafutaji anapojifunza adabu. Ndoa ya Shakespeare haijaonekana kwenye daftari lolote lililosalia. Kilichobaki ni karatasi za ofisi ya askofu wa Worcester. Novemba 27, 1582 karani wa askofu ameandika leseni ya William kumwoa Anna Whateley wa Temple Grafton. Siku ya pili yake, Novemba 28, wakulima wawili wanaweka dhamana ya pauni 40 kwamba hakuna kizuizi cha William kumwoa Anne Hathwey wa Stratford. Wako walioandika vitabu vizima juu ya mwanamke wa kwanza aliyeachwa kwa siku moja. Mimi naungana na wanaosema karani alikuwa na kesi ya mtu aitwaye Whateley mezani siku hiyo, kalamu ikateleza. Ila ona jinsi kalamu moja kuteleza inavyoweza kumzaa mchumba mzima!

Mtoto wao wa kwanza, Susanna, alibatizwa Mei 26, 1583, miezi sita baada ya leseni. Waingereza wa leo hutabasamu wakifika hapo. Anayepitia madaftari kwa wingi hatabasamu, maana bibi harusi mwenye mimba ni jambo la kawaida mno katika parokia za karne ile na zilizofuata. Kisha pacha, Hamnet na Judith, Februari 2, 1585 kwa hesabu yetu, wakipewa majina ya mume na mke waliokuwa majirani. Hamnet anazikwa Agosti 11, 1596, mtoto wa miaka 11. Sababu haikuandikwa.

Judith aliolewa na Thomas Quiney Februari 10, 1616. Sasa fungua orodha ya mazishi ya Machi mwaka huohuo. Tarehe 15 wamezikwa Margaret Wheeler na mtoto wake. Kwa daftari peke yake ni mwanamke aliyefariki kwenye uzazi, basi. Ni kitabu cha mahakama ya kanisa kinachoeleza kwamba Machi 26 Quiney alisimama na kukiri kuwa alilala na Margaret huyo. Siku moja kabla ya hapo mkwewe alikuwa ameurekebisha wosia. Mwezi mmoja baadaye, Aprili 25, daftari linamzika mkwewe huyo.

Judith alizaa wana watatu na kuwazika wote. Susanna alipata binti mmoja, Elizabeth, aliyefariki 1670 bila mtoto. Uzao wa Shakespeare ulikoma hapo. Wapo walio hai leo wanaotokana na dada yake, Joan Hart, na hilo ni dai la haki. Lakini ukimsikia mtu anajitambulisha kuwa kilembwe wa Shakespeare kwa damu yake mwenyewe, mwombe akutajie alipitia kwa mtoto gani.

Fukara ana karatasi nyingi

Tajiri alikuwa na wosia na jiwe la kaburi. Mkulima wa kati, aliyelipa ushuru wake na kunyamaza, daftari litakupa mambo matatu juu yake: alibatizwa, alioa, alizikwa. Utadhani fukara atakuwa na machache zaidi. Ni kinyume chake, na kwangu hili ndilo jambo la kushangaza kuliko yote katika kazi hii.

Tangu sheria ya 1601 kila parokia ilibeba maskini wake kwa ushuru wa wenyeji. Hakuna mwenyeji aliyetaka kumlisha maskini wa parokia ya jirani. Sheria ya mwaka 1662 ikawapa wasimamizi wa maskini rungu: mgeni anayepanga nyumba ya chini ya pauni 10 kwa mwaka, akionekana huenda atakuja kuwa mzigo, afukuzwe ndani ya siku 40 arudishwe kwao. Basi likazuka swali la kila siku: kwao ni wapi? Mtu aliitwa mbele ya mahakimu wawili akahojiwa. Ulizaliwa wapi? Baba yako alikuwa wa parokia gani? Ulijifunza kazi kwa fundi yupi? Ulishaajiriwa mwaka mzima na nani, kwa mshahara gani? Ulifunga ndoa lini, watoto wako wana umri gani? Majibu yakaandikwa, na yeye asiyejua kusoma akatia alama ya X.

Karatasi hizo zikisalia, mjukuu wa leo anapata masimulizi ya maisha ambayo hata bwana wa kasri la jirani hakuacha. Na kati ya mistari anaona ujanja. Kwa kuwa kibarua asiye na mke akitumikia mwaka mzima alipata haki ya ukazi, wakulima wengi walimwajiri kwa wiki 51 na kumwachisha. Mjamzito asiye na mume alisukumwa avuke mpaka kabla uchungu haujamshika, kwa sababu mtoto wa nje ya ndoa alihesabiwa wa mahali alipozaliwa. Akishindwa kuondoka, alibanwa amtaje mwanamume, wakati mwingine wakunga wakimuuliza akiwa katikati ya uchungu. Aliyetajwa alitia sahihi hati ya kuilinda parokia na gharama za mtoto. Kwenye daftari la ubatizo litaonekana jina la mama tu, na neno la kashfa la Kilatini au la Kiingereza pembeni. Jina la baba limo kwenye hati ya fedha, kwa sababu hapo ndipo lilipohitajika.

Sheria ya 1697 ilikwenda mbali zaidi, ikawalazimisha wanaopokea msaada wavae herufi P ya kitambaa chekundu au cha buluu kwenye bega la kulia. Herufi hiyohiyo utaikuta kwenye madaftari kati ya 1783 na 1794, miaka ya kodi ya peni 3, kwa kuwa mafukara walisamehewa. Hapo usiiamini moja kwa moja. Kasisi mwenye huruma, au asiyetaka kugombana na waumini, aliweza kugawa P kwa ukarimu. Na wengine waliamua kungoja tu, kisha kodi ilipofutwa wakaja kubatiza watoto wanne kwa siku moja, mkubwa akitembea mwenyewe hadi kwenye maji.

Hata maiti zilitumika kusukuma biashara. Ili kuwatajirisha wafuga kondoo, sheria za 1666 na 1678 ziliagiza kila marehemu avikwe sanda ya sufu, na ndani ya siku nane mtu aape kuthibitisha. Faini ilikuwa pauni 5, nusu kwa maskini, nusu kwa aliyetoa taarifa. Familia zenye uwezo zilizotaka sanda ya kitani zilimtuma ndugu mmoja akawashitaki, ile nusu ikarudi nyumbani. Ukiona kwenye daftari mtu amezikwa bila kiapo cha sufu na faini imelipwa, umejua hali ya mfuko wao.

Kumkataa John Clark

Njia ya kurudi nyuma yenyewe inaelezeka kwa muda mfupi. Anza na walio hai, kisha vyeti vya serikali, vilivyoanza Julai 1, 1837. Tafuta familia kwenye sensa ya 1851, kwa kuwa ndiyo ya kwanza kutaja parokia ambako mtu alizaliwa; ile ya 1841 inakwambia tu kama ni wa kaunti hiyo au la, na watu wazima imewateremshia umri hadi namba inayogawanyika kwa 5. Ukishapata parokia, ingia kwenye madaftari. Kuanzia 1813 yamechapwa kwa safu, watoto wanane kwa ukurasa, na safu ya kazi ya baba. Kuanzia Machi 25, 1754 ndoa zina sahihi au alama za maharusi na mashahidi, kwa sheria iliyotaka ndoa itangazwe kanisani Jumapili tatu au iwe na leseni. Zaidi ya nusu ya maharusi wa kike wa miaka hiyo walitia alama. Kabla ya hapo, una bahati au huna. Bahati kubwa ni kuwa na babu kwenye dayosisi ya York baada ya 1777, ambako makasisi wengi walifuata mtindo wa mwenzao William Dade, aliyeandika mpaka babu na bibi wa pande zote mbili na kazi zao. Bahati mbaya ni miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na jamhuri, kati ya 1642 na 1660, ambapo parokia nyingi zina shimo tupu.

Tuseme umemkuta John Clark akioa mwaka 1760. Unahitaji ubatizo wake, yapata 1735. Unatafuta na kumpata John Clark aliyebatizwa 1734 kijiji cha pili. Furaha! Umekwisha kumwongeza kwenye ukoo, na baba yake, na babu yake.

Polepole. Wavulana wa karne ile karibu nusu yao waliitwa John, William au Thomas, na Clark ni jina la kila mahali. Je, ulitazama orodha ya mazishi kuona kama John wa 1734 alivuka utoto? Wazazi waliofiwa walikuwa na desturi ya kumpa mtoto anayefuata jina lile lile la marehemu, hivyo nyumba moja inaweza kuwa na John wawili au watatu, na mmoja tu aliyekua. Ulitazama vijiji vingine kumi vya jirani? Familia yao haikuwa ya Waquaker au Wabatisti, wasiobatiza watoto kanisani kabisa? Kazi ngumu ya mfuata ukoo ni kuwakataa watu hao mmoja baada ya mwingine mpaka abaki mmoja asiyekataliwa, na mara nyingi wanabaki wawili. Hapo mstari unasimama, hata kama inauma. Shajara nyingi za ukoo zilizotandazwa mtandaoni zilitengenezwa na watu ambao hawakutaka kusimama, kisha zikanakiliwa na wengine ambao hata daftari hawakuliona.

Wanahistoria wa takwimu wamefanya kazi hiihii bila kujali jamaa yao ni nani, na pengine ndiyo maana waliifanya kwa utulivu. E. A. Wrigley, mmoja wa waanzilishi wa kundi la utafiti wa idadi ya watu huko Cambridge mwaka 1964, aliziunga familia za Colyton, Devon, moja moja kutoka kwenye daftari. Aligundua kwamba baada ya tauni ya miaka ya 1640 wanawake wa huko waliolewa wakiwa na umri wa karibu miaka 30 kwa wastani. Baadaye yeye na Roger Schofield walitumia parokia 404, majina yakihesabiwa na wenyeji waliojitolea, kukadiria idadi ya Waingereza tangu 1541. Wanaodhani zamani kila binti aliozwa akiwa na miaka 15 wana kitabu cha wawili hao cha mwaka 1981 cha kujibu.

Daftari linaweza pia kudanganya kwa raha zake. Huko Steventon, Hampshire, kasisi George Austen alikuwa na daftari jipya la ndoa lenye ukurasa wa mfano wa kujazia. Binti yake Jane, akiwa msichana, aliujaza: akajitangazia ndoa na bwana mmoja wa London mwenye majina marefu ya kikabaila, akajioza kwa mwingine wa Liverpool, mwishowe akamalizia na Jack Smith wa kawaida. Ukurasa huo upo hadi leo kwenye hifadhi ya nyaraka ya kaunti.

Waafrika kwenye kurasa

Juni 3, 1597, kwenye kanisa la St Botolph nje kidogo ya lango la Aldgate, London, alibatizwa Mary Fillis, mwanamke Mwafrika wa miaka 20 hivi. Karani wa parokia hiyo, Thomas Harridance, alikuwa na tabia ya kuandika kumbukumbu ndefu kuliko alivyotakiwa, na Mungu amrehemu kwa hilo. Tunajua kwamba baba yake Mary alisuka vikapu na kutengeneza makoleo, kwamba alikuwa amekaa Uingereza miaka 13 au 14, na kwamba sasa alifanya kazi kwa mshonaji aitwaye Millicent Porter. Tunajua aliulizwa juu ya imani yake akajibu. Karani mwenye haraka angeandika jina na rangi tu, na ndivyo ilivyo kwa mamia ya Waafrika wengine kwenye madaftari ya London: jina jipya la Kizungu, neno moja la rangi, tarehe.

Sherehe za ubatizo ziliweza kumgeuza mtu kwa asubuhi moja. Msomaji wa pwani yetu anamjua Salme binti Said, binti wa Sultani wa Zanzibar. Mei 30, 1867, kwenye kanisa la Kianglikana la Aden, alibatizwa Emily na siku hiyohiyo akaolewa na Heinrich Ruete. Anayemtafuta kwenye kumbukumbu za Ulaya baada ya hapo atampata kwa jina hilo, na asiyejua lile la kwanza hatafika Mtoni wala Bet il Sahel alikokulia.

Kisa kinachonisumbua zaidi ni cha Olaudah Equiano. Kitabu chake cha mwaka 1789, kilichotikisa biashara ya watumwa, kinasema alizaliwa katika nchi ya Waigbo, katika Nigeria ya leo, akatekwa akiwa mtoto na kuvushwa bahari. Daftari la kanisa la St Margaret's, Westminster, linasema jambo jingine. Februari 9, 1759 alibatizwa Gustavus Vassa, mweusi, mzaliwa wa Carolina, umri miaka 12. Gustavus Vassa ndilo jina alilopewa na bwana wake, afisa wa jeshi la majini. Orodha ya mabaharia ya safari ya Aktiki ya 1773 nayo inamtaja kuwa wa South Carolina. Mtafiti Vincent Carretta alipozileta hati hizi mbele ya umma, wengine wakahitimisha kwamba Equiano aliibuni Afrika yake. Paul Lovejoy na wengine wakakataa.

Mimi nasimama na wanaokataa, na sababu yangu ni daftari lenyewe. Kasisi wa Westminster alishuhudia mambo haya kwa macho yake: kwamba siku ile, mahali pale, alimbatiza mvulana mweusi. Hayo yaaminiwe. Carolina hakuishuhudia. Aliambiwa, ama na bwana, ama na mabibi waliomleta mtoto na kuwa wadhamini wake, ama na mtoto mwenyewe aliyekuwa bado mali ya mtu na mwenye sababu zake za kusema au kunyamaza. Ni sawa na umri wa maiti kwenye orodha ya mazishi, unaotajwa na jirani anayekisia. Ile orodha ya 1773 ni ushahidi mzito zaidi, nakubali, kwa kuwa wakati huo alikuwa mtu mzima na huru. Haitoshi kunibandua.

Aprili 7, 1792 alimwoa Susannah Cullen katika kanisa la Soham, Cambridgeshire. Wakapata mabinti wawili. Anna Maria alifariki 1797, bado hajatimiza miaka minne, na ubao wa kumbukumbu yake uko kwenye ukuta wa kanisa la Chesterton. Joanna alikua, na mwaka 1821 akaolewa huko Clerkenwell na Henry Bromley, mchungaji wa Kongrigeshenali. Ndoa ilifungwa katika kanisa la parokia hata hivyo, kwani ile sheria ya ndoa, iliyopitishwa 1753, iliwaruhusu Waquaker na Wayahudi peke yao kufunga ndoa nje ya Kanisa la Uingereza, na mchungaji wa dhehebu jingine hakuwa na njia ila kusimama mbele ya kasisi wa Kianglikana. Joanna alipofariki mwaka 1857 vifo vilikuwa vikiandikwa na msajili wa serikali, akazikwa Abney Park, makaburi yasiyo ya parokia yoyote. Hajulikani kuwa na mtoto.